Wembamba wa kipakatalishi na uzito wa mkoba

Majuzi nilikuwa Maungu, kile kituo kidogo kilicho kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, mwendo si mrefu ukishaipita Voi kuelekea pwani. Nilikuwa nikingoja gari la kunifikisha Makwasinyi, kijiji kilichoegemea mlima Kasigau, ambako nilialikwa na rafiki yangu wa siku nyingi. Waijuao njia hiyo wanafahamu kwamba gari la kwenda huko haliondoki kwa kutazama saa, huondoka likijaa. Nami nilikuwa abiria wa tatu.

Abiria wa nne alikuwa mwanamke kijana aliyebeba mkoba mmoja mgongoni na mwingine begani.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba, mwalimu," nikamjibu.

Akacheka, akauliza nimejuaje. Nikamweleza kwamba mtu aliyeshika chaki miaka mingi kabla ya kushika kalamu ya gazeti hawezi kumpotea mwenzake. Nikamwomba nimpokee angaa mkoba mmoja. Akanipa ule wa mgongoni, akaufungua ili atoe maji, na humo nikaona kipakatalishi cha rangi ya majivu. Nikakitoa kwa idhini yake. Kilikuwa chembamba mithili ya madaftari mawili yaliyolaliana, na uzito wake sidhani ulipita kilo moja na robo. Nilikiinua kwa vidole viwili.

"Kumbe dunia imefika hapa!" nikasema.

"Ule mkoba mwingine hujauinua," akanijibu.

Nikauinua. Ulikuwa mzito kuliko ule wa kwanza. Ndani yake mlikuwa na chaja na waya wake, kijisanduku cha kuunganishia flashi na projekta kwa kuwa kompyuta yenyewe haina matundu hayo, betri ya akiba ya ukubwa wa tofali dogo, modemu, kipanya, flashi mbili na ekstensheni ya soketi nne. "Mzee," akasema, "kompyuta ni nyepesi. Kizito ni kuifanya ifanye kazi."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu leo. Walimu wengi, na wanafunzi wa vyuo pia, wananunua vipakatalishi kwa mikopo ya ushirika na kwa akiba za miaka. Aghalabu wanavutwa na aina hii moja: kile chembamba, chepesi, kilichoundiwa watu wa ofisi na wafanyabiashara wanaosafiri. Ni haki yetu kujiuliza watu wanataka nini hasa katika chombo hicho, na kama wanachouziwa ndicho wanachokitaka.

Tuanzie nyuma kidogo. Mwaka 1981 kompyuta ya Osborne 1 ilitangazwa kuwa ya kubebeka. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 11, haikuwa na betri ndani, na skrini yake ilikuwa ndogo kuliko kiganja. Iliyotaka kuihamisha ni misuli. Mwaka 1992 kampuni ya IBM ilitoa ThinkPad yake ya kwanza iliyopata sifa, nyeusi, yenye kitufe chekundu katikati ya kibodi, na uzito wa karibu kilo 3. Mfanyabiashara aliipenda kwa sababu kibodi yake ilikuwa nzuri na chombo kilistahimili safari.

Kisha ikaja Januari 2008. Steve Jobs alisimama jukwaani San Francisco, akachukua bahasha ya kaki kama zile tunazotilia barua ofisini, akatoa ndani yake kompyuta nzima. Ilikuwa MacBook Air ya kwanza, kilo 1.36. Watu walishangilia. Wachache walihesabu yaliyoachwa nje ya bahasha: hapakuwa na mahali pa kutia diski, palikuwa na tundu moja tu la USB, betri haikuweza kutolewa na mwenye chombo, na memori ilikuwa imelehemiwa kwenye bodi, ya kutoongezeka milele. Mwaka 2011 Intel ikawahimiza waundaji wengine wafuate njia hiyo kwa jina la Ultrabook, na mwaka 2012 Lenovo ikatoa X1 Carbon, ThinkPad iliyokondeshwa. Tangu hapo wembamba umekuwa ndio heshima ya kompyuta ya kazi.

Sasa tufikiri kama wanafunzi wa sayansi. Uzito hautoweki kwa uchawi. Sehemu moja ya wepesi huo ilitokana na ufundi halisi: metali nyepesi, nyuzi za kaboni, prosesa zinazokula umeme kidogo. Lakini sehemu nyingine haikutoweka hata kidogo, ilihamishwa. Tundu la projekta lilihamia kwenye kijisanduku unachonunua kando. Betri ya kubadilisha ilihamia kwenye soketi ya ukutani. Diski ilihamia kwenye mtandao. Bisibisi ya mwenye chombo ilihamia kwa fundi aliyeidhinishwa. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo kila ukuta una soketi, mtandao hauyumbi, na fundi yuko ghorofa ya chini, uhamisho huo haumwelemei, kwani mji mzima unambebea. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeunda kipakatalishi chembamba alikuwa mjini, na mzigo aliouondoa alimtwika mtu asiyemwona.

Mtu huyo ndiye yule mwalimu wa Maungu.

Nyumbani kwao ni Makwasinyi, na shule anakofundisha sitaitaja. Kazi yake siku hizi haiwezekani bila kompyuta. Alama za tathmini za wanafunzi hupelekwa kwa Baraza la Mitihani, KNEC, kupitia tovuti yake. Fomu za kumpima mwalimu mwenyewe, zile za TPAD, hujazwa mtandaoni kwa ajili ya Tume ya Huduma za Walimu. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, na hasa tangu mtihani wa kwanza wa KPSEA mwaka 2022, alama za mtoto hazisubiri mwisho wa darasa la nane. Hukusanywa mwaka baada ya mwaka. Alama isiyoingia kwa wakati ni ya mtoto fulani, mwenye jina na mzazi, na makosa ya betri hayaandikwi popote kwenye fomu.

Shuleni stima ipo, asipokuwa na bahati mbaya ya kukatika. Basi kwa nini asikae huko jioni amalize? Hapo ndipo mazingira ya Kasigau yanapoingia. Nchi hii iko katikati ya mbuga mbili, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu hupita humo wapendavyo. Mwenye busara hatembei njia za vichaka baada ya jua kuchwa. Mwalimu huondoka mapema, na stima ya shule anaibeba ndani ya betri, kama vile mama zetu wanavyobeba maji kutoka mahali yanapopatikana. Kwake yeye, betri ni mtungi. Na mtungi hupimwa kwa maji unayofikisha nyumbani. Wembamba wake haumkati mtu kiu.

Tufanye hesabu, maana wasomaji wangu ni watu wa hesabu. Betri ya kipakatalishi chembamba aghalabu hubeba wati-saa 50 hivi ikiwa mpya. Kazi ya kuandika na kujaza fomu, skrini ikiwa angavu na mtandao ukiwa wazi, hula yapata wati 10. Gawanya: saa 5. Lakini betri za lithiamu, ambazo Sony iliziingiza sokoni mwaka 1991 na ambazo waasisi wake walituzwa Nobeli ya kemia mwaka 2019, zina adui wawili: umri na joto. Baada ya mamia kadhaa ya kuchajiwa hupungukiwa, na joto huharakisha upungufu huo. Chombo kilichotumika miaka mitatu au minne, kikakaa katika nyanda za joto kama hizi, kikibaki na asilimia 60 ya nguvu zake, kina wati-saa 30. Gawanya tena: saa 3. Saa moja huenda barabarani akisahihisha ndani ya gari. Mbili zinabaki kwa usiku mzima wa alama za watoto zaidi ya 40.

Je, betri ya akiba haitoshi? Inafaa, ila mnunuzi awe macho. Ile iliyoandikwa 20,000 hubeba kama wati-saa 74, na baada ya hasara za njiani humjaza mgonjwa huyu mara moja tu. Tena nyingi kati ya zile za simu hutoa wati 10 au 20, ilhali kipakatalishi hudai 45 au 65. Mwalimu wetu alinunua ya kwanza bila kujua hayo. Ikamulika taa zake zote, kompyuta ikaendelea kuzimika.

Nikamwuliza kama hakufikiria kubadilisha betri yenyewe. Akaniambia alikipeleka chombo chake mjini kwa fundi. Kwa vipakatalishi vya zamani, betri ilitoka kwa kubonyeza komeo mbili. Chake kina skurubu kadhaa chini, na betri imegundishwa kwa gundi. Fundi aliweza kukifungua, lakini betri ya aina hiyo ilibidi iagizwe kutoka mbali, na iliyopatikana haikuwa ya asili. Alipouliza kuhusu kuongeza memori, fundi alitikisa kichwa, akamwonyesha vipande vyeusi vilivyolehemiwa kwenye bodi. "Alinieleza kwa upole," akasema, "kama daktari anayempa mtu habari za msiba."

Msomaji atadhani nawashauri walimu warudie masanduku ya kilo 3. La, hasha! Nimebeba mizigo ya vitabu vya mazoezi mlimani na bondeni, na sitamwambia mtu yeyote kwamba uzito ni fadhila. Mwalimu anayepanda bodaboda, kisha gari, kisha miguu, anastahili chombo chepesi kuliko meneja anayetoka kwenye lifti na kuingia ndani ya gari lake. Tena yapo mambo ambayo wembamba umetuletea yanayofaa Kasigau kuliko London. Mwishoni mwa mwaka 2020 ilitoka MacBook Air isiyo na feni kabisa, inayokaa na chaji siku nzima ya kazi. Chombo kisicho na feni hakivuti vumbi jekundu la Taita kuingia tumboni. Skrini zimekuwa bora, na chaja ya USB-C imeanza kuondoa ule wazimu wa kila kampuni kuwa na tundu lake. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2022 ya kulazimisha tundu hilo moja: kwa simu ilianza kutumika Desemba 2024, na kwa vipakatalishi iliwekewa tarehe 28 Aprili 2026. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili yetu, lakini kijijini ambako chaja moja huazimwa na nyumba tatu, faida yake itaonekana upesi.

Wala si kweli kwamba chembamba lazima kifungwe kama jeneza. Mwaka 2021 kampuni changa ya Marekani, Framework, ilianza kuuza kipakatalishi cha kilo 1.3 ambacho mwenyewe hukifungua kwa bisibisi na kubadilisha betri, memori, kibodi, hata matundu. Mwaka huo huo Ufaransa iliwaamuru wauzaji waonyeshe, kando ya bei, alama kati ya 0 na 10 ya jinsi kompyuta inavyotengenezeka. Kwa hiyo kulehemu na kugundisha ni uamuzi wa mtu, na uamuzi wa mtu unaweza kuhojiwa.

Nasi tulikuwa na nafasi ya kuhoji. Katika uchaguzi wa 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilivunjika mwaka 2014 baada ya mabishano mengi. Vifaa vilipoanza kugawanywa mwaka 2016, mtoto alipata kishikwambi, mwalimu akapata kipakatalishi, na shule ikapewa projekta na seva ya masomo. Vyuo vikuu vya JKUAT na Moi vilishirikiana na kampuni za kigeni kuvileta, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni 1 vikafika mashuleni. Shule nyingi ziliunganishiwa stima kwa ajili hiyo, na hilo ni jambo jema lililobaki hata baada ya vifaa kuchakaa.

Lakini nikumbuke niliyoyaona mwenyewe katika shule moja nisiyoitaja: kabati la chuma lililofungwa kwa kufuli kubwa, na ndani yake vishikwambi vimepangwa vizuri, nusu yake havina uhai. Hapakuwa na aliyeviiba wala aliyevivunja. Betri zilikufa kwa kutotumiwa, na hapakuwa na fundi, wala fungu la fedha, wala kipuri. Mjadala wetu wa kitaifa ulikuwa juu ya bei na juu ya nani ameshinda zabuni. Sikumbuki tulishindana kwa ukali huo juu ya nani atabadilisha betri mwaka wa nne.

Huo ndio moyo wa hoja yangu. Kifaa kinaponunuliwa, iwe na serikali, na kaunti, na hazina ya eneo bunge au na mwalimu mwenyewe kwa mkopo, swali la kwanza lisiwe "ni chembamba kiasi gani?" wala "ni bei gani?" Liwe: uzito uliotolewa humu umehamia kwa nani?

Swali hilo lina watoto wake, na mnunuzi ayatamke dukani bila haya. Je, betri inatoka kwa skurubu au kwa gundi, na inapatikana Voi au Mombasa? Je, memori inaongezeka, na kama haiongezeki, iliyopo itatosha kwa miaka ambayo mkopo utalipwa? Je, kinachajiwa kwa USB-C, ili jirani aweze kunifaa? Je, kina tundu la projekta na la flashi, au nitanunua kijisanduku? Je, bawaba za skrini ni imara, kwa maana zinafunguliwa mara kumi kwa siku ndani ya gari linaloruka makorongo? Na kibodi je? Mtu anayeandika ripoti za watoto 40 huishi na kibodi kuliko anavyoishi na unene wa kifuniko.

Kwa wanaonunua vilivyotumika Ulaya, ambao ni wengi miongoni mwetu, kuna swali la ziada. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za miaka ya nyuma hazikubaliki kwa Windows 11. Baadhi ya mashine za ofisi zinazotufikia kwa bei ya kutamanisha zimeachwa na wenyewe kwa sababu hiyo. Bado zinaweza kutumika, hasa kwa programu huria kama Linux, lakini mnunuzi aambiwe anachonunua. Anayenyamaziwa analipa mara mbili.

Najua kuna atakayesema kwamba Makwasinyi ni kijiji kimoja, na viwanda vya dunia haviwezi kusimama kwa ajili yake. Ni kweli kwamba mwalimu mmoja hana sauti huko. Lakini Kenya haikununua kifaa kimoja. Ilinunua zaidi ya milioni. Anayenunua milioni ana haki ya kuandika kwenye zabuni kwamba betri itoke kwa bisibisi ya kawaida, kwamba vipuri viwekwe katika kila kaunti kwa miaka mitano, na kwamba vijana wa vyuo vya ufundi wafunzwe kuvitengeneza. Vyama vya ushirika vya walimu navyo, vinavyokopesha fedha nyingi za vifaa hivi, vinaweza kumwambia muuzaji: bila betri za akiba, hatukuletei wanachama wetu. Sauti tunayo, tumezoea kuitumia kulalamika baada ya kununua.

Gari lilijaa hatimaye. Tulisafiri tukiwa tumebanana, vumbi likiingia kwa kila mwanya, na mlima Kasigau ukikua mbele yetu. Mwalimu alikuwa amefungua kipakatalishi chake magotini, akiingiza alama za watoto kwa kidole kimoja huku mkono mwingine ukishikilia skrini isirukeruke. Kila mara alitupia jicho pembe ya chini ya skrini, pale panapoonyesha chaji iliyosalia. Tulipokaribia kijiji ilisoma asilimia 31. Akakifunga, akakirudisha mkobani taratibu.

"Hii ni ya usiku," akasema.

Nikampokea ule mkoba mzito, nikautua mwenyewe garini. Ningependa wote wanaotununulia na kutuuzia vipakatalishi vyembamba wapewe nafasi ya kuubeba, angaa kutoka barabarani mpaka mlangoni kwake.